Mchanga Uliokwisha Kupekuliwa

Mashine ilifika nyumbani kwetu Misunkumilo ikiwa imefungwa ndani ya shuka la kitanda, shemeji yangu ameibeba begani kama mtu anayetoka kuwinda. Shemeji ni kaka wa mke wangu, mkulima wa mahindi na tumbaku kule Litapunga, na mpaka juma lililotangulia alikuwa na pikipiki. Pikipiki hiyo aliibadilisha na mchimbaji mmoja wa dhahabu aliyekuwa ameamua kurudi kwao kulima. Mchimbaji akaondoka na pikipiki. Shemeji akabaki na fimbo ndefu ya aluminiamu yenye sahani nyeusi chini, kisanduku cha betri katikati, na visikilizio vya kuvaa masikioni. Ukipitisha sahani juu ya ardhi yenye chuma, mashine inalia. Ardhi isipokuwa na kitu, inanyamaza. Alinieleza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Pale uani kwangu haikunyamaza hata mara moja. Mimi ni fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma, mikokoteni ya ng'ombe. Nimefanya kazi kwenye uwanja ule miaka kumi na sita, na kila kilichodondoka kipo palepale mchangani. Shemeji alitembea kutoka mlangoni hadi chooni na kurudi, mashine ikilia njia nzima.

"Inafanya kazi," alisema.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye genge mbele ya nyumba yetu, alikuja kutazama. Akasema, "Sasa si muijaribu na dhahabu? Pete ya mama hiyo hapo kidoleni. Wekeni chini tuisikie inavyolia."

Tukakataa watu watatu kwa mpigo. Mke wangu alisema pete ya ndoa haivuliwi. Mimi nikasema betri inakaribia kuisha. Shemeji akasema dhahabu ya pete ni ndogo mno, mashine haiioni. Jirani akatuangalia mmoja mmoja, akasema haya, akarudi kwenye nyanya zake. Mimi nilijua sababu yangu. Za wenzangu sikuziuliza, maana nilikuwa nimeshikwa na yangu.

Sababu yangu ilikuwa hii. Tulipofunga ndoa kanisani nilimvika mke wangu pete ya dhahabu niliyoihangaikia muda mrefu. Dhahabu niliipata kwa wachimbaji, kidogo kidogo, nikaipeleka kwa sonara mmoja pale mjini. Nilimwambia aandike ndani yake herufi ya jina langu na herufi ya jina la mke wangu. Sonara alikuwa anaongea na simu, akaanza na herufi isiyohusika. Akaikwaruza mstari juu yake, akaandika zile mbili pembeni. Kwa hiyo pete ikawa na herufi tatu, moja imekatwa. Akaniambia hakuna mtu atakayeona, kwa sababu itakuwa kidoleni.

Miaka kadhaa baadaye nikaona kidole cha mke wangu kimekuwa na rangi ya kijani pale pete inapokaa. Nikamuuliza. Akasema ni sabuni ya kufulia. Nikasema sawa. Lakini mimi nashika vyuma kila siku, na najua kitu kinachofanya kidole kuwa kijani. Ni shaba. Nikaelewa kwamba sonara alikula dhahabu yangu akanipa shaba iliyopakwa, na rangi imeisha. Nikaelewa pia kwamba nilisimama mbele ya mchungaji, ndugu zangu wa Sibwesa wakiwa wamevaa suti za kuazima, nikamvika mtoto wa watu kipande cha bomba. Sikusema neno. Nilichofanya ni kuacha kumsalimia sonara. Nikipita barabara ile nilikuwa naangalia upande wa pili, kwenye duka la magodoro. Nilikuwa nimeangalia magodoro yale kwa miaka sita.

Ndiyo maana sikutaka mashine iseme chochote kuhusu pete.

Kwanza tulijaribu kutafuta dhahabu. Tulikwenda mara tatu kwenye mashimo ya zamani, siku za Jumamosi, na mara zote tatu tulikuta watu wameshapita na mashine, na kabla yao watu waliopita na majembe, na kabla yao watu waliookota kwa macho. Tulipata kijiko, kofuli, na sururu isiyo na mpini. Sururu ilikuwa nzuri, ninayo hadi leo.

Ndipo shemeji akaja na habari ya ziwa.

"Muramu," aliniambia. Muramu ni shemeji kwa Kirundi, na yeye huniita hivyo anapotaka kitu. "Tunapoteza muda huku porini. Twende Ikola, ziwani. Watu wanakwenda kule Pasaka, wanakwenda Krismasi, wanaogelea. Makanisa yanabatiza kule. Maji ya ziwa yana baridi, vidole vinanywea, pete zinatoka. Hereni nazo. Mikufu. Na chini yake kuna hela za Mjerumani, za kweli kabisa, zile zilizoitwa hela kabla hela haijawa pesa yoyote."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa ziwani," akasema, na hakuniangalia.

Mke wangu alitufungia viazi vya kuchemsha na karanga. Asubuhi ya safari alimvuta kaka yake pembeni akamwambia maneno kwa Kirundi, haraka haraka. Kirundi changu ni cha mezani: naweza kuomba chumvi na kukataa kuongezwa. Nilisikia tu neno la jiwe. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Nikadhani anamwambia asiniache niteleze kwenye mawe, kwa kuwa sisi wa jamii ya wafugaji wa ng'ombe hatujui maji. Nikaona ni upendo, nikafurahi.

Ikola tulikuta ufukwe mrefu wenye mchanga mweupe uliochimbwa. Sijui niuelezeje vizuri zaidi. Kulikuwa na mashimo madogo kila hatua mbili, na ndani ya baadhi ya mashimo kulikuwa na mashimo mengine. Wanaume wawili wenye mashine kubwa kuliko yetu walikuwa wanafungasha vitu vyao kwenye gari aina ya pikapu.

"Mmekuja kupima?" mmoja akatuuliza.

"Ndiyo."

"Mmechelewa."

"Kwa siku ngapi?" shemeji akauliza.

Yule bwana akafikiri. "Miaka minne hivi," akasema, akawasha gari.

Tulikwenda kujiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, kama inavyotakiwa. Alikuwa kijana mpole mwenye daftari kubwa. Akatuambia tukipata kitu cha kale kilichozikwa, ni cha serikali, tukapeleke. Tukakubali. Akatuuliza tumeshapata nini mpaka sasa, tukasema ndiyo kwanza tumeshuka kwenye basi. Akaandika: hakuna.

Siku ya kwanza nilitaka tuanzie mwisho wa ufukwe, mbali na watu, ambako pengine wenzetu walichoka kabla hawajafika. Shemeji akakataa. Akatembea moja kwa moja hadi penye jiwe kubwa linaloingia majini, karibu na pale wavuvi wanapovutia boti nchi kavu, akasimama.

"Hapa," akasema.

"Kwa nini hapa? Hapa kila mtu anapita."

"Ndiyo maana. Penye watu ndipo penye vitu."

Tukapima pale. Mashine ililia mara nyingi, na kila ilipolia nilipiga magoti na kijiko cha kuchimbia. Tulipata vizibo vya soda. Tulipata vizibo vya bia. Tulipata ndoana, risasi za nyavu, misumari ya boti, ufunguo, betri za kurunzi, na nusu ya mkasi. Shemeji alikuwa na utaratibu: kila kitu kilichotoka alikikagua kwa makini, anakigeuza, anakifuta kwa kidole gumba, kisha anakitia kwenye mfuko wa sandarusi. Hata kizibo alikigeuza kuangalia ndani. Nikamwambia ndani ya kizibo hakuna kitu. Akasema huwezi kujua.

Siku ya pili aliingia majini mpaka kiunoni, sahani ikiwa chini ya maji na kisanduku cha betri amekishika juu ya kichwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na chujio la jikoni nililolifunga kwenye mti. Maji yalikuwa baridi kweli, kwa hilo hakudanganya. Saa nne hivi mashine ikalia sauti tofauti, nyembamba. Nikazamisha chujio, nikatoa mchanga, nikauosha, na katikati ya mchanga kulikuwa na kitu cha duara.

Ilikuwa senti ya zamani ya Mwingereza, yenye tundu katikati, imelika hata maandishi hayasomeki. Mimi nilipiga kelele. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nane nikapiga kelele ndani ya maji kwa ajili ya senti. Shemeji aligeuka haraka akishikilia betri, akaitazama, na uso wake ukashuka.

"Ni senti," akasema.

"Si tumekuja kutafuta za kale?"

"Ndiyo," akasema. "Hongera, muramu."

Mvuvi mmoja aliyekuwa anaziba boti yake akatuita. Akatuonyesha ubavuni mwa boti, pale msumari mkubwa ulipopita kwenye ubao. Chini ya kichwa cha msumari alikuwa ameweka senti kama ile ile, msumari umepita kwenye tundu. Akasema zinafaa sana, washa za dukani zinapata kutu. Akatuuliza kama tungependa kumwachia na hiyo. Nikamwachia. Bado ipo kwenye boti yake, nadhani.

Siku ya tatu tulikuwa tumeshapima pale penye jiwe mara nne, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Mimi nilikuwa nimeanza kuzungumza habari za basi. Shemeji akasogea kidogo kuelekea juu, penye uwanja wa kuanikia dagaa. Mama mwenye uwanja ule alikuwa mtu wa palepale ziwani, Mbende, mnene, na siku zote mbili zilizopita alikuwa akitutazama akiwa na reki mkononi. Kila asubuhi aliusawazisha mchanga wake kwa reki, akaondoa takataka zote, akamwaga dagaa, na jioni akawazoa akafagia tena.

"Hapo hamchimbi," akasema. "Dagaa wangu hawataki mashimo."

Shemeji akamwamkia, akaomba radhi, akamwambia hatutachimba, tutapima tu.

"Mkishapima ikalia mtafanya nini? Mtaiimbia?" Akaegemea reki yake. "Nyie nimewaangalia. Wenzenu wakija hapa wanazunguka ufukwe wote kama kuku. Nyie mmekaa pale penye jiwe siku tatu. Mtu anayetafuta chochote hakai mahali pamoja. Mmepoteza nini?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, sisi hatujapoteza kitu. Sisi tunatafuta vya watu."

Yeye alikuwa anamwangalia shemeji. Nami nikamwangalia. Shemeji alikuwa ameshika mashine kwa mikono miwili kama mtoto aliyevunja jagi.

"Pete," akasema.

"Ya nani?"

"Ya dada yangu."

Shemeji ana dada watatu. Mimi, kwa unyoofu wangu, nikaanza kufikiria wale wawili wengine. Mkubwa yuko Kigoma, hajawahi kufika Ikola. Mdogo hajaolewa. Nilifika mwisho wa hesabu hiyo nikiwa nimesimama juani na kijiko mkononi.

"Mke wangu anayo pete yake," nikasema. "Anaivaa kila siku."

"Muramu," shemeji akasema, "ile sio."

Akanieleza palepale, mbele ya mama wa dagaa, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine. Miaka mingi nyuma kwaya ya kanisa letu ilikuja kuogelea Ikola siku ya Jumatatu ya Pasaka. Mimi sikwenda, nilikuwa na mageti ya mtu. Mke wangu alikuwa anamwogesha mtoto wa mwanakwaya mwenzake pale penye jiwe, sabuni imejaa mkononi, akasikia kidole chepesi. Walitafuta mpaka lori likapiga honi. Aliporudi mjini alikwenda kwa fundi mmoja akatengenezewa nyingine ya shaba. Alimwambia kaka yake peke yake. Na shemeji alipoipata ile mashine, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa huyo dada yake, kabla hajamaliza hata kusoma jinsi ya kuiwasha.

Ningependa kusema nilichokisikia moyoni kilikuwa kikubwa. Jambo la kwanza kabisa lililonijia lilikuwa: sonara hakuniibia. La pili lilikuwa yale magodoro. Hasira ilikuja ya tatu, na kwa kuwa mke wangu hakuwepo ilimwendea shemeji.

"Umenileta huku siku tatu ninachimba vizibo," nikamwambia.

"Ulifurahi ile senti," akasema.

Mama wa dagaa akaweka reki chini, akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko. Akakaa juu ya gunia, kopo magotini.

"Miaka yote hii nafagia hapa," akasema. "Maji yakijaa yanaleta vitu juu. Mashine zenu zinakuja mara moja kwa mwaka. Reki yangu ipo kila siku. Semeni ikoje."

"Ya dhahabu," shemeji akasema. "Nyembamba."

"Zote za dhahabu nyembamba."

"Ina maandishi ndani."

"Yanasemaje?"

Shemeji hakujua. Ikabidi niseme mimi. Nikamwambia kuna herufi tatu, ya kwanza imekatwa mstari. Mama akafungua mfuniko, akapekua kwa kidole. Kulikuwa na hereni, mikufu iliyokatika, saa moja ya mkono, na pete nyingi kuliko nilivyotarajia. Alizitoa moja moja akiziangalia ndani kwa kuzielekeza juani, akifumba jicho moja. Ya tano au ya sita akaikazia sana.

"Aliyeandika hii alikuwa amelewa?"

"Alikuwa anaongea na simu."

Nikanyoosha mkono. Akaifumba kiganjani.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyeinunua."

"Aliyenunua sio aliyepoteza. Aliyepoteza aje aniambie mwenyewe. Nikimpa kila mwanaume anayekuja na maneno, nitakuwa nimebaki na kopo."

Nikampigia simu mke wangu. Nilisikia mchele ukipepetwa.

"Njoo Ikola," nikamwambia.

"Kuna nini? Kaka kazama?"

"Hajazama. Kuna pete hapa."

"Pete gani?"

"Yenye herufi tatu."

Ungo ukaacha kupepeta. Nikaangalia simu kama imekata, haikuwa imekata.

"Nani kaipata?" akauliza mwishowe, sauti ndogo.

"Mama mmoja wa dagaa. Anakutaka wewe."

"Na wewe?"

"Na mimi pia," nikasema, ingawa sidhani kama ndivyo alivyokuwa ameuliza.

Alifika kesho yake mchana. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na ile ya shaba ilikuwa kidoleni. Hakunisalimia. Alimpita kaka yake, akaenda moja kwa moja kwa mama wa dagaa, akampigia goti, akasimulia yote tangu lori la kwaya hadi sabuni na kidole kilichokuwa chepesi. Mama akamsikiliza bila kumkatiza. Akampa pete.

"Mbona hukumwambia mumeo?"

"Alikuwa anasema kila siku jinsi alivyoihangaikia. Wageni wakija anawaambia. Ningeanzia wapi?"

"Na huyo hakuona?"

"Hakuona," mke wangu akasema.

"Niliona," nikasema.

Wakageuka wote, na shemeji pia.

"Uliona nini?"

"Kidole. Kilikuwa kijani."

"Lini?"

"Miaka sita sasa."

"Na hukusema?"

Nikamweleza habari ya sonara, jinsi nilivyoamini ameniibia, na jinsi nilivyoona aibu. Nilipokuwa nasema niliona ni maelezo mazuri. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani," akasema, "miaka sita umekaa ukiamini kwamba umenivisha shaba mbele ya mchungaji. Na unakula chakula changu. Na unanyamaza."

"Na wewe ulikuwa unajua ni shaba."

"Mimi nilikuwa najua ni shaba yangu! Wewe ulidhani ni yako!"

Shemeji aliinua mashine akasema anakwenda kuangalia betri. Mke wangu akafunika uso kwa kitenge. Mabega yakawa yanatikisika. Nikamsogelea nikidhani analia, nikamkuta anacheka, na alipoona nimesogea kwa huruma akaanza kulia kweli. Nikakaa karibu yake juu ya mchanga safi wa dagaa, na mama mwenye mchanga hakutufukuza.

Baadaye kidogo nikamuuliza nani alimtengenezea ile ya shaba. Akamtaja. Ni mchomeleaji mwenzangu, tunakaa benchi moja kanisani, na kwa miaka yote hiyo ananisalimia kwa mikono miwili. Nilidhani ni heshima.

Pete haikuingia. Ilikwama kwenye fundo la kidole, maana kidole cha leo sio kile cha kanisani. Mama wa dagaa akampaka mafuta, wakasukuma, ikakataa. Mwishowe akaivaa kwenye kidole kidogo, na ile ya shaba akaiacha palepale ilipokuwa.

Sonara nilimwendea tuliporudi mjini. Nilisimama mlangoni nikamwamkia kwa sauti, nimejiandaa kwa maelezo marefu. Akainua kichwa akaniuliza, "Ulikuwa umesafiri?" Nikasema ndiyo. Akasema karibu tena.

Lakini nimeruka mbele. Siku ile Ikola tulitaka kumshukuru mama, akakataa. Akasema kama tuna mashine inayoona vyuma, basi tumwondolee ndoana na misumari iliyozama kwenye uwanja wake, kwa sababu reki inachukua vya juu tu na wanaogeuza dagaa wanachomwa miguu. Shemeji akaifanya kazi hiyo mchana kutwa kwa bidii ambayo sijawahi kuiona shambani kwake. Alipomuuliza kuhusu hela za Mjerumani, mama akasema zilikuwepo nyingi, aliziokota akiwa binti. Madukani hazikupokelewa. Marehemu mume wake alizitoboa zote akazifunga kwenye wavu badala ya risasi, na wavu ulikatikia kilindini.

"Kwa hiyo zipo," shemeji akasema.

"Zipo," mama akasema, akamwonyesha ziwa lote kwa mkono.

Shemeji akaendelea kupima. Saa kumi hivi mke wangu akavua viatu akaniambia twende majini, kwa kuwa basi ni la kesho na hakuna kingine cha kufanya. Nikamwambia mimi sijui maji. Akasema ni ya magotini tu. Pete akaifunga kwenye pindo la kitenge mafundo mawili, akaniomba niyakaze, nikayakaza. Tukaingia. Wanawake wa kijiji waliokuwa wanafua wakatuangalia bila kuficha. Mawimbi madogo yalikuja yakapita kwenye miguu yetu, mchanga ukawa unakimbia chini ya nyayo, nikamshika mkono ili nisianguke.

"Ya baridi, eh?" akasema.

"Ya baridi."

Tukasimama pale. Akaniuliza watoto wetu nimemwachia nani, nikamkumbusha kwamba aliyewaacha ni yeye. Akasema kweli, amewaacha na jirani mwenye genge, na kwamba tukirudi inafaa tumpelekee dagaa. Tukaanza kubishana dagaa kiasi gani.